Chupa ya Stenlesi ya Kamukunji kwa Mnywaji wa Kahawa ya Kuloweka

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa: shilingi 1,600, baada ya kuvutana na mama mwenye duka aliyeanzia 2,200. Ni chupa ya kutunza joto, ya lita moja, stenlesi ndani na nje, kifuniko cha kuzungusha, na juu yake kikombe cha kufunika. Nimeitoa Kamukunji hapa Nairobi, upande wa vyombo vya jumla, karibu na mafundi wa masanduku ambao nyundo zao zinawalazimisha watu kuelewana bei kwa vidole. Haina jina la kampuni unayoijua. Kitako kimegongwa 304, yaani ile stenlesi yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, ya sufuria nzuri na masinki. Mtu anaweza kugonga namba yoyote kwenye chuma chochote, hilo nalijua. Lakini hii haijatoa kutu wala ladha ya chuma, kwa hivyo kwa sasa naiamini.

Mimi ni fundi simu, Luthuli Avenue. Meza moja, taa moja, chumba tunachogawana na wenzangu wa televisheni na wa redio za magari. Naitaja kazi yangu kwa sababu mbili. Kwanza, simu zinazoletwa kwangu zimekunywa chai, soda, supu, hata uji, kwa hivyo chombo chochote chenye maji kikikaa karibu na bodi iliyofunguliwa roho yangu haitulii. Pili, ninayo mita yenye waya wa kupimia joto, ninaoutumia kuhakikisha mashine ya hewa moto haidanganyi kwenye kioo chake. Nikikuambia kahawa ilikuwa nyuzi 66, sikukisia kwa ulimi.

Sasa, kwa nini kahawa ya kuloweka, na kwa nini iwe moto? Tumbo langu na kahawa ya kuchemsha haviivi chungu kimoja. Kahawa zetu za mlimani, hasa za miti ya SL28 na SL34 iliyochaguliwa katika maabara ya Scott kule Kabete miaka ya 1930, zina uchachu wa aina yake, kama zambarau isiyoiva sawasawa. Ndio uchachu ambao wanunuzi wa nje huupigania kwenye mnada wa Nairobi. Mimi, nikiupokea kwa maji ya moto alfajiri na tumbo tupu, kiungulia kimenipanda kabla matatu haijamaliza Jogoo Road. Nikiiloweka kahawa hiyo hiyo kwa maji baridi usiku kucha, makali yanashuka na utamu unabaki. Mwaka 2018 Niny Rao na Megan Fuller, watafiti wa Philadelphia, walizilinganisha hizi mbili: pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, zilikaribiana sana, zote kati ya 4.85 na 5.13, lakini iliyotengenezwa kwa maji ya moto ilikuwa na asidi nyingi zaidi kwa jumla. Tumbo langu halikungoja karatasi yao, ila nilifurahi kusoma kwamba sikuwa najidanganya.

Shida ni kwamba kahawa ya kuloweka watu huinywa na barafu. Januari sawa. Lakini Julai ya Nairobi, mawingu yamekaa juu ya mtaa wa Umoja tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi hata kibano hakishikiki, nani anataka barafu? Nataka ule ulaini wa kuloweka, na nautaka moto, kutoka saa mbili hadi saa tisa mchana, bila mtu kupika kitu mezani kwangu.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu hukupa ni sufuria. Mimina, washa gesi, pasha. Ukifanya hivyo umeitupa kazi ya usiku mzima. Harufu ya kahawa ni vitu vyepesi vinavyoruka na mvuke. Ukisikia jikoni kunanukia vizuri ajabu, jua kinachonukia hakitakuwa kikombeni. Na moto ukiendelea kuikalia kahawa, asidi zake za klorojeniki zinabomoka na kuwa asidi ya kwiniki na ya kafeiki, ndiyo ile ladha kavu inayokwaruza nyuma ya ulimi kwenye kahawa ya hotelini iliyokaa jikoni tangu asubuhi. Joto likiwa kali na muda ukiwa mrefu, ubomokaji huo unakwenda mbio. Kwa hiyo adui ni wawili: moto unaoendelea kuwaka chini, na kifuniko kilicho wazi juu.

Hapo ndipo zinapoanguka zile sahani za USB za kupashia kikombe. Jirani yangu wa chaja anaziuza, na ni rafiki yangu, lakini hesabu haina urafiki. Volti 5 mara ampia 2 ni wati 10. Wati 10 kazi yake ni kukichelewesha kikombe kupoa, wala hazifanyi zaidi ya hapo, na muda wote huo kikombe kiko wazi kinapeperusha harufu, tena nusu mita kutoka kwa bodi ya mteja. Pita mbali.

Mtu atasema: mbona wauza kahawa wa Pwani hukaa na dele, lile birika lao la kahawa, juu ya makaa jioni nzima na kahawa yao ni tamu? Ni kweli, na nikiwa Mombasa nakunywa vikombe vyangu viwili na tende. Lakini ile inaitwa kahawa chungu, uchungu ndio bidhaa yenyewe, na tangawizi iko kazini. Huwezi kuiharibu kwa kile kile unachokitafuta. Ya kuloweka ni biashara nyingine kabisa.

Inabaki chupa, ambayo haiongezi moto hata kidogo. Inazuia tu uliopo usitoke. Kuta mbili, katikati yake ombwe, na mahali pasipo na hewa joto halina cha kupandia. Aliyeibuni, James Dewar, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, aliitengeneza mwaka 1892 ahifadhi gesi zilizogeuzwa kuwa majimaji, vitu vya baridi kali kupindukia. Wajerumani ndio walioanza kuiuza kwa watu wa chai na kahawa mwaka 1904. Basi kama kuna kinywaji chenye haki na chombo hiki pande zote mbili, ni kahawa iliyozaliwa baridi.

Kabla ya kulipa nilimuuliza mwenye duka, “Mama, hii haivuji?”

“Kastoma, mimi nisiseme. Jaza maji mwenyewe uilaze.”

Akanisogezea jagi. Nikaijaza, nikaikaza, nikailaza juu ya gazeti kwenye meza yake, tukaendelea kuvutana bei chupa ikiwa imelala katikati yetu. Tulipofika 1,700 nikainua: gazeti kavu. Akaniambia, “Sasa wewe unataka nini tena?” Nikataka mia moja ipungue, ikapungua.

Na kwenye begi je? Haijawahi kulowesha kitu, na hapo nazungumzia matatu za Umoja, ambazo zikikutana na tuta hazina habari. Siri yake ni kwamba kifuniko ni kizibo kizima cha kuzungusha, hakina kidude cha kubonyeza. Vile vya kubonyeza vina springi ndani, tundu, vipenyo, na kila kipenyo ni mahali pa kuvuja na pa kujificha uchafu. Nilikuwa na ya kubonyeza zamani. Sitaki kuizungumzia.

Tuje kwenye kuijaza, maana chupa nzuri ikijazwa vibaya utailaumu bure. Natumia gramu 100 za kahawa iliyosagwa chengachenga, si unga, kwa nusu lita ya maji, ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Nanunua kahawa ya daraja la AB, kwa sababu daraja la AA ni ukubwa wa punje tu, na pesa ya ukubwa naona afadhali iende kwenye kahawa iliyokaangwa juzi. Inalala hivyo saa kumi na mbili hadi kumi na nne, nachuja kwa chujio kisha kwa kitambaa. Chenga zinakunywa maji yao, kwa hiyo unapata kama mililita 300 za kahawa nzito, nyeusi. Hiyo si ya kunywa. Ni ya kuzimuliwa kwa maji mara mbili yake, mililita 600, na hayo maji ndiyo yanayoleta moto.

Hapa Nairobi inaingilia. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji yetu hayafiki 100; mita yangu inasoma 94 birika likitokota. Chukua kahawa nzito ya kutoka kwenye friji, nyuzi 4, sehemu moja, na maji ya nyuzi 94 sehemu mbili: unapata 64. Inanyweka, ila hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, na chupa bado haijachukua sehemu yake. Ukifika saa sita umebaki na kahawa ya uvuguvugu, unasema chupa ni mbovu. Si mbovu, umeipa kidogo.

Ninavyofanya: wakati birika linachemka, chupa ya kioo yenye kahawa nzito inakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyo juu ya jiko, kifuniko kikiwa kimefungwa. (Ikitoka kwenye friji anza na maji vuguvugu, kioo hakipendi kushtuliwa.) Inapanda polepole hadi kama 45, na kwa joto hilo huoni mvuke wala hunusi kitu, maana yake harufu bado iko ndani. Wakati huo huo chupa ya stenlesi nimeijaza maji yaliyochemka, inakaa dakika kumi ikipata joto. Hatua hii wengi huiruka na ndiyo inayoamua siku yako. Chuma baridi kinakula nyuzi kadhaa kabla hujafunga kifuniko. Nayamwaga hayo, naweka kahawa nzito kwanza, halafu maji mapya ya kuchemka, nafunga papo hapo. Kwa hesabu inapaswa kuwa 77 na ushee. Mita inasoma 75 au 76. Hakuna kahawa iliyochemka popote katika habari hii.

Na najaza hadi karibu na shingo. Nafasi tupu ndani ya chupa ni hewa, na hewa inakula ladha polepole kama inavyokula joto.

Matokeo, siku ya baridi, bila kuifungua mara kwa mara: saa sita mchana 66, saa tisa karibu 60. Ukifungua kila nusu saa toa nyuzi tatu nne hapo. Sehemu kubwa ya joto linalotoroka inapitia kifuniko. Weka kiganja ubavuni mwa chupa, pabaridi, kisha ukiweke juu ya kifuniko, utausikia uvuguvugu. Hiyo 66 ya saa sita, ikishatulia kidogo kikombeni ikashuka chini ya 65, mimi naiona ndiyo tamu yenyewe, na si ulimi tu: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya moto sana, vya kupita nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kumbe kahawa ya 90 tunayojivunia kuimeza bila kupepesa si ushujaa.

Ladha: hadi saa sita siwezi kuitofautisha na ya asubuhi. Saa tisa imekuwa bapa kidogo, ule uzambarau umelala, utamu wa sukari guru bado upo, uchungu haujaongezeka. Baada ya hapo sikushauri. Chupa haina miujiza; kahawa moto ni kahawa inayobadilika, na ombwe halizuii hilo.

Sasa lawama, na ni moja kubwa. Chini ya kifuniko kuna raba, pete ya silikoni nyeupe, unene wa tambi iliyoiva. Toa kifuniko ukinuse: kinanuka kahawa, sawa. Ichokoe ile pete kwa ncha ya kibano, igeuze, uangalie upande uliokuwa umefichwa. Pale utakuta utepe wa kahawia wenye mafuta, na harufu yake si ya kahawa tena, ni ya kahawa ya wiki jana. Kahawa ina mafuta, mafuta yanaingia nyuma ya raba, yanachacha, na kila asubuhi maji yako ya nyuzi 94 yanayapasha upya na kuyamimina kikombeni. Watu wengi wanaosema “chupa inaharibu kahawa” wanakunywa raba. Waliotengeneza hii wangeweza kuiacha raba itoke kwa vidole. Wameibana kwenye mfereji mwembamba kiasi kwamba asiye na kibano au pini ataacha tu. Mimi naitoa kila jioni, na mwisho wa wiki inalala kwenye maji moto yenye kijiko cha soda ya kuokea, chupa nayo hivyo hivyo. Mdomo wa chupa ni mwembamba, mkono hauingii, kwa hiyo natumia burashi ndefu au natia konzi ya mchele na siki nikitikisa, kama mama zetu walivyofanya na chupa za chai.

Tukishataja chupa za chai. Kama chupa hii imewahi kubeba chai ya maziwa na tangawizi, isahau kwa kahawa. Chuma kitasafika, raba haitasafika. Kwangu nyumbani ile chupa kubwa ya maua, yenye kioo ndani, ndiyo ya chai, na hii haijawahi kuonja maziwa.

Nilizipima zote mbili jioni moja kwa maji matupu, na niseme haki: ile ya kioo ilishinda kwa nyuzi chache, na kioo hakina ladha kabisa. Kama kahawa yako inanywewa nyumbani, kwenye meza isiyotikisika, nunua ya kioo, utabaki na chenji. Ya stenlesi unalipia kitu kimoja, kwamba ikianguka kwenye ngazi za Luthuli utaokota chupa. Ya kioo utaitikisa usikie vipande.

Maziwa: usitie ndani ya chupa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya 5, na kufikia saa tisa chupa kama hii inaelekea chini ya 60. Kahawa nyeusi itavumilia, maziwa hayavumilii. Beba pakiti ndogo utie kikombeni. Kwa sababu hiyo hiyo kahawa nzito ikae kwenye friji, na stima ikipotea usiku mzima, ile ya kuloweka itumie mapema, usiiweke ya kesho kutwa.

Madogo madogo: rangi ya nje ilianza kubanduka kwenye ukingo wa chini mapema sana, uzito wake ukijaa utauhisi begani, na kile kikombe cha juu ni ukuta mmoja tu wa chuma, kahawa ikikaa humo dakika tano imepoa na vidole vimeungua. Nina kikombe changu cha udongo mezani, kiko upande wa kushoto, simu za watu upande wa kulia.

Nani aichukue: anayetoka nyumbani alfajiri, anayekunywa nyeusi, mwenye subira ya kuchokoa raba. Anayetaka kahawa ya kuchoma midomo saa kumi jioni atafute nyingine, au atafute birika kazini na abebe kahawa nzito pekee kwenye chupa ndogo. Raba za akiba huyo mama hana. Nilizipata Nyamakima, shilingi 50 moja, ila beba ya zamani upimishe, maana za lita moja na za robo tatu zinafanana kwa macho na hazibadilishani.